Nilisema hajali kazi. Sasa fomu yake iko mezani kwangu

Mpendwa Mshauri,

Nina miaka 44 na naongoza kitengo cha hesabu chenye watu sita chini yangu. Nakuandikia kwa sababu kuna fomu imekaa mezani kwangu, leo siku ya tisa, na kila nikishika kalamu mkono unakataa.

Ni fomu ya tathmini ya kijana wa miaka 26. Mkataba wake wa mwaka mmoja unaisha baada ya wiki tatu. Mwisho wa fomu pana swali: je, unapendekeza mkataba uongezwe? Chini yake pana mistari minne ya kueleza sababu. Wakubwa wangu hawamjui huyu kijana hata kwa sura, kwa hiyo nitakaloandika ndilo litakalopita.

Miezi miwili iliyopita ningeijaza kwa dakika tano. Ningeandika hapana, na chini yake maneno mawili tu: hajali kazi. Ndivyo nilivyoamini. Alikuwa akichelewa asubuhi, kwa hesabu yangu mara saba katika miezi mitatu, na kila mara maelezo yake ni "samahani mama", basi, anaketi. Vikaoni hasemi kitu. Wenzake wakipiga soga yeye yuko kwenye simu. Saa kumi na moja jioni ikifika anazima kompyuta na kuondoka, hata kama sisi wengine bado tumeinamia meza.

Kilichonifikisha mwisho ni siku ya kufunga hesabu za robo mwaka. Tulikaa hadi saa tatu usiku. Yeye aliondoka saa kumi na moja kama kawaida yake, na kazi ya kulinganisha vitabu vyetu na taarifa za benki ilikuwa haijafika hata nusu. Nilimpigia simu, imezimwa. Kesho yake asubuhi nilimsimamisha mbele ya wenzake wote nikamwambia: "Tatizo lako hujali. Watu kama wewe nawajua, hawabadiliki." Hakujibu. Aliinamisha kichwa, akarudi mezani kwake. Tangu siku hiyo ananijibu kwa ndiyo na hapana, na haniangalii usoni. Nikasema moyoni, kumbe na kiburi pia anacho.

Siku chache baadaye mwenzetu mmoja aliyefanya kazi nami miaka mingi alininong'oneza kwamba kijana anacheza kamari kwenye simu. Sikumuuliza amejuaje. Nilihisi kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa anakitafuta.

Hapa lazima nikueleze habari ya mdogo wangu wa kiume. Kwa miaka 11 nilimtafutia sababu. Akifukuzwa kazi, nilisema bosi kamwonea. Akikopa asirudishe, nilisema maisha yamembana. Vifaa vya kazi vya marehemu baba vilipotoweka nyumbani, nilisema vimeibwa. Kila jambo lilikuwa na maelezo, na maelezo yote yalimweka yeye kando. Mwishowe niliuza kiwanja changu nikalipa madeni yake ya kamari, na mwaka haukupita akarudi kulekule. Niliapa kwamba sitadanganywa tena na maelezo ya mtu. Mtu ni matendo yake.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta waraka mwingine kabisa katika daftari la kupokelea na kutolea majalada. Nikaona mwandiko wangu mwenyewe. Taarifa za benki za robo ile ziliingia mezani kwangu siku mbili kabla ya kufunga hesabu, zikalala kwangu siku zote hizo mbili. Zilimfikia yule kijana siku yenyewe, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Kazi ambayo hata mimi hunichukua siku nzima, nilimpa saa moja na dakika ishirini. Nikakumbuka: wiki ile wakaguzi walikuwa wameniganda, nikasahau. Na unajua nilijisemea nini? Nilizidiwa. Halikunijia hata kidogo kusema kwamba sijali kazi.

Tangu hapo usingizi umekuwa wa mang'amung'amu. Kisha mwenzetu mwingine, bila kujua ninalowaza, akataja kwamba kijana huwahi kuondoka jioni kwa sababu anapokezana na dada yake kumuuguza mama yao. Sijui kama ni kweli. Sijamuuliza. Naona haya kumuuliza, na pia naogopa atanipa hadithi kama za mdogo wangu, nami nitaiamini.

Mume wangu anasema nimemwonea kijana wa watu, nimwongezee mkataba yaishe. Rafiki yangu anasema jalada lilikuwa kosa langu la mara moja, lakini kuchelewa mara saba ni kwake yeye, nisijaze fomu kwa majuto. Nikimsikiliza huyu naona ana haki, nikimsikiliza yule naona ana haki.

Nisaidie. Mtu anajuaje kama mwenzake ametenda jambo kwa kuwa ndivyo alivyo, au kwa kuwa kuna kilichomkuta? Sitaki kumharibia maisha mtu asiye na kosa. Sitaki pia kuwa yule dada wa kiwanja tena.

Mkono Unaokataa

*

Dada yangu mpendwa,

Daftari lile ungeweza kulifunga na kulirudisha kabatini. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akilitazama. Naanzia hapo kwa sababu barua yako imejaa aibu, na kabla hatujaingia kwenye mengine nataka ujue kwamba mimi niliyeisoma kutoka mbali nimemwona mtu aliyekutana na kosa lake akiwa peke yake, na hakulikimbia.

Nikikuelewa vizuri, hali iko hivi. Hukumu yako juu ya kijana ilisimama juu ya nguzo kadhaa: kuchelewa, ukimya, kuondoka saa kumi na moja, siku ya kufunga hesabu, na ule mnong'ono wa kamari. Nguzo moja, tena ile kubwa, imeanguka, na imeangukia miguuni kwako. Zilizobaki huziamini tena. Lakini hata huruma yako huiamini, kwa sababu iliwahi kukugharimu kiwanja. Mkono unaokataa katika hali hiyo si mkono mzembe. Mimi ningeuheshimu kwa siku chache zaidi.

Swali uliloniuliza ni la zamani, na wahenga walilipa methali: nyani haoni kundule. Wengi wetu tunaitumia kumsuta mtu mwenye majivuno. Naomba uisome polepole. Nyani haoni kundule kwa sababu ya mahali macho yalipo. Macho yameelekezwa mbele. Ukitenda jambo, unachokiona ni kilicho mbele yako: wakaguzi wanauliza, simu inalia, majalada yamerundikana. Wewe mwenyewe hujioni. Akitenda mwenzako, unayemwona ni yeye. Wakaguzi wake huwaoni.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia Michael Storms alilipima jambo hili kwa kamera. Aliwaacha watu wazungumze huku wengine wakiwatazama, akarekodi video. Kisha baadhi ya wazungumzaji wakaonyeshwa video ya upande mwingine, kila mmoja akajiona mwenyewe kama alivyokuwa akionekana. Waliojitazama hivyo walianza kueleza mwenendo wao kwa tabia zao. Nao watazamaji, walipoonyeshwa kile alichokuwa akikiona mzungumzaji, walianza kutaja zaidi hali aliyokuwa nayo. Watu ni walewale, mazungumzo ni yaleyale. Kilichohama ni macho.

Daftari lako lilikufanyia kazi ya ile kamera.

Nisikufiche kwamba baadaye jambo hili lilichunguzwa upya. Mwaka 2006 Bertram Malle alikusanya tafiti 173 akaona kwamba tofauti kati ya anayetenda na anayetazama si kubwa, wala haiko kila mahali kama vitabu vilivyozoea kusema. Lakini ilionekana palipo na mambo mabaya. Tukikosa sisi, tunataja yaliyotukuta. Wakikosa wengine, tunataja walivyo. Ndiyo maana neno "nilizidiwa" lilikujia haraka. Wala sidhani neno hilo lilikuwa la uongo. Ulizidiwa kweli, nami sikuombi ujiite mtu asiyejali. Nakuuliza tu: huko upande wa pili wa meza, je, kuna neno kama hilo ambalo hujawahi kulisikia?

Hilo la kujali linanigusa sana, dada yangu, kwa sababu ni neno tunalolitupa kwa wepesi mno. Kujali kuko ndani ya mtu. Wewe ulichokiona ni miguu yake ikitoka mlangoni saa kumi na moja. Mwaka huohuo wa 1973, John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi 40 wa seminari ya teolojia ya Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo la jirani kutoa hotuba fupi, na baadhi yao hotuba yenyewe ilihusu Msamaria mwema. Njiani waliwekewa mtu aliyejikunyata mlangoni, anakohoa na kuguna. Wengine walikuwa wameambiwa bado wana muda, wengine wameambiwa wamechelewa. Kati ya wasio na haraka, asilimia 63 walitoa msaada. Kati ya wenye haraka kubwa, asilimia 10. Mtu aliyesimama dirishani akiwatazama wale waliompita mgonjwa angesema nini? Angesema hawajali. Na ni watu waliokuwa wanasomea utumishi wa Mungu. Haraka yao haikuonekana kutoka dirishani.

Sisemi kwamba tabia haipo. Hata katika wenye haraka wapo waliosimama, na katika wasio na haraka wapo waliopita. Rafiki yako ana hoja, na sitaki umpuuze: jalada moja lililochelewa halifuti asubuhi saba. Lakini asubuhi hizo saba nazo hazijakuambia kitu mpaka uziulize.

Kabla ya hapo, kuna jambo nimelitafuta katika barua yako sikulipata, nikarudi tena nikalitafuta. Umenieleza saa anazofika, saa anazoondoka, anavyokaa vikaoni, anavyoshika simu, anavyokujibu. Hukunieleza kazi yake ikoje. Hesabu anazozifunga zinalingana? Makosa yake ni mengi kuliko ya wenzake? Akipewa kazi mapema, anaimaliza? Huenda unajua majibu na umesahau tu kuniandikia. Huenda pia neno "hajali" lilipokwisha kuingia, hukuona haja ya kutazama tena. Wewe ni mtu wa hesabu; hukubali jumla ambayo vocha zake, zile hati za kuithibitisha, hazipo. Zifungue vocha.

Kuhusu kuchelewa, kuna njia ambayo mtaalamu Harold Kelley aliieleza mwaka 1967, na uzuri wake ni kwamba daftari la mahudhurio litakujibu bila kumhoji mtu. Kwanza tazama kama wengine nao huchelewa siku zilezile. Wakiwa nao wamechelewa, basi siku hizo zina jambo lao. Kisha tazama kama huchelewa tu asubuhi, au hata kazi zake hufika zimechelewa, na vikao, na majibu ya barua. Mtu anayechelewa asubuhi peke yake ana shida na asubuhi. Anayechelewa katika kila kitu ana shida pana zaidi. Halafu tazama mpangilio wenyewe: mara saba hizo zimetawanyika, au zimekaa siku moja ya juma, au zimekuja kwa mfululizo kisha zikakoma? Tena umeniambia "kwa hesabu yangu". Ihesabu upya kutoka daftarini. Miezi mitatu ina siku za kazi zaidi ya 60, na zile alizofika kwa wakati hazikupata mtu wa kuzihesabu.

Ukimya wake naomba tuutenge na mengine. Wewe ndiye unayefungua kikao, unayechagua kinachozungumzwa, na unayejua majibu ya maswali unayouliza. Mwaka 1977 Lee Ross na wenzake waliwagawa watu kwa bahati nasibu: mmoja atunge maswali magumu kutokana na anayoyajua, mwingine ajibu. Mjibuji alikwama mara nyingi, kama ambavyo yeyote angekwama. Mwishoni watazamaji, na hata wajibuji wenyewe, walimwona muulizaji kuwa mtu mwenye maarifa zaidi, ingawa wote walijua kwamba nafasi zile ziligawanywa kwa bahati. Nafasi ya mtu ina nguvu ya kuonekana kama ndiyo tabia yake. Kijana wa miaka 26 mwenye mkataba wa mwaka mmoja, mdogo kuliko wote chumbani, anaweza kunyamaza kwa sababu nyingi ambazo kiburi hakimo.

Na ukimya wa baada ya siku ile, ule wa kutokutazama usoni, una mtu mwingine ndani yake. Ulimwambia mbele ya watu kwamba watu kama yeye hawabadiliki. Mtu akishaambiwa hivyo ajibu nini? Akijitetea ataitwa mjeuri, akinyamaza ataitwa mwenye kiburi, akitabasamu ataambiwa anachukulia mambo kimzaha. Wewe, dada, ulikuwa sehemu ya yaliyomkuta, kisha ukaisoma athari ya maneno yako kama tabia yake. Najua linauma kulisoma. Nimefikiri sana kama niliandike, nikaona wewe uliyelisoma daftari lile unaweza kulisoma na hili.

Sasa mdogo wako. Samahani kama nitagusa kidonda.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe uliumwa kwelikweli. Mnong'ono wa kamari ulipokufikia, haukuhitaji ushahidi kwa sababu ushahidi ulikuwa nao wewe tayari, wa miaka 11, ila ulikuwa wa mtu mwingine. "Watu kama wewe nawajua", ulimwambia kijana. Nimejiuliza siku ile ulikuwa unasema na nani.

Umeniambia somo ulilolipata kwa mdogo wako ni kwamba maelezo ya mtu hayafai kusikilizwa. Naomba tulitazame tena taratibu, kwa sababu naona kama mambo mawili yamefungwa kwenye furushi moja. Kumtafutia mtu sababu ni jambo moja. Kulipa deni lake ni jambo jingine. Kiwanja hakikuuzwa na kule kuelewa. Ungeweza kujua yote yaliyombana mdogo wako, ukaumia naye, na bado ukasema hapana, silipi. Na kuna jambo la pili. Alipofukuzwa kazi, ulisema bosi kamwonea. Je, ulimuuliza huyo bosi? Vifaa vya baba vilipotoweka, ulisema vimeibwa. Je, kuna aliyeulizwa? Kwa mdogo wako ulijaza sababu kutoka moyoni mwako, kwa upendo. Kwa kijana umejaza sababu kutoka moyoni mwako vilevile, safari hii kwa uchungu. Unaona kama umehama kutoka ncha moja hadi nyingine. Mimi naona katika visa vyote viwili hapakuwa na mtu aliyeuliza.

Huenda nakosea. Unaijua historia yako kuliko mimi. Lakini kama kuna ukweli humo, basi hofu yako ya kuwa tena dada wa kiwanja haipaswi kukuzuia kumuuliza kijana. Kusikiliza maelezo yake hakukufungi uyaamini, na kuyaamini hakukufungi uongeze mkataba.

Tuje kwenye kuuliza kwenyewe, maana ndipo penye ugumu. Ukimwita ofisini huku fomu iko mezani, hamko sawa. Hawezi kukukatalia kwa raha, wala hawezi kukuamini kirahisi. Ndiyo sababu ningependa uanze na lako kabla ya kumuuliza lake: mwambie ulichokiona daftarini, tarehe na saa, na kwamba ulimlaumu kwa muda ulioupoteza wewe. Usiambatanishe na swali. Acha likae. Na kwa kuwa maneno yale ulimwambia mbele ya wenzake, jiulize kama masahihisho ya faraghani yanatosha. Kuna hatari: huenda baadhi ya walio chini yako wakaona umeteleza, na mmoja akalitumia vibaya. Kuna hatari nyingine upande wa pili, kwamba watu watano wataendelea kumjua kama asiyejali kwa sababu wewe ulisema hivyo na hukurudi. Ipi unaiweza, wewe ndiye ujuaye.

Kisha, ukifika kwenye maswali, ogopa lile la "kwa nini". Linanyoosha kidole hata sauti ikiwa laini. "Siku ile ilikwendaje kwa upande wako?" lina nafasi zaidi. Habari ya mama yake usiitaje wewe. Ni yake, na kama ni kweli huenda hataki kuwa kijana wa kuonewa huruma ofisini. Unaweza kumweleza kazi inahitaji nini, afike saa ngapi na siku za kufunga hesabu abaki hadi saa ngapi, kisha umuulize kama kuna linalomzuia ambalo mnaweza kulipanga pamoja. Swali hilo linafaa iwe ni ugonjwa, iwe ni usafiri, iwe ni kamari. Huenda akasema. Huenda akadanganya, hilo nalo lipo. Huenda asiseme chochote, na hutajua kama ni siri au ni woga.

Na fomu? Mume wako anataka uandike ndiyo, na moyo wake ni mzuri, ila tahadhari: ukiongeza mkataba ili majuto yakome, mwaka mzima ujao utakuwa unamtazama kijana kama risiti ya kosa lako, na akichelewa mara ya nane utamkasirikia maradufu. Rafiki yako anaelekea hapana, na hapana inaweza kuwa ya haki kabisa kama vocha zikifunguliwa zikaonyesha kazi mbovu. Isipokuwa hapo itabidi uweze kuandika sababu bila ile siku ya kufunga hesabu. Njia ya tatu, kama taratibu zenu zinaruhusu, ni kuomba mkataba mfupi wa miezi michache huku mkiwa mmekubaliana mambo yatakayotazamwa. Hiyo nayo ina ubaya wake: inaweza kuwa namna ya kuahirisha, na anayening'inizwa ni yeye, si wewe.

Njia yoyote utakayoifuata, ile mistari minne ningeijaza kwa yale ambayo jicho limeona na daftari limehesabu. "Amechelewa mara kadhaa, tarehe hizi na hizi" ni jambo ambalo kijana anaweza kulijibu, akalikubali au akalieleza. "Hajali kazi" hakuna awezaye kulijibu, hata wewe usingeweza wiki ile ya wakaguzi.

Yule mwenzenu wa mnong'ono pia usimsahau. Sikuambii umkabili. Ila siku akija tena na habari ya mtu, muulize kwa upole: umejuaje? Muulize hivyohivyo na yule aliyekuja na habari ya mama mgonjwa. Habari njema nayo ni uvumi mpaka mwenyewe aiseme.

Fomu imekaa siku tisa. Itavumilia siku mbili tatu zaidi. Chukua daftari la mahudhurio kwanza, ukae nalo peke yako jioni moja. Halafu mwite. Niandikie alichokujibu, hata kama alichokujibu ni "samahani mama" peke yake.

Mshauri wako